Mwenye Shaka Aonyeshwe Nini?

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, hakimu mstaafu, mbele ya wageni na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Awali ya yote naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii baada ya chakula cha mchana, saa ambayo kila msemaji huiogopa. Nilikuwa nimejitayarisha kuzungumza juu ya kazi ya mahakama. Lakini Katibu aliniletea orodha ya maswali yaliyokusanywa na chama cha midahalo cha wanafunzi, na katika orodha hiyo swali moja lilikuwa limefutwa kwa kalamu nyekundu. Nikauliza sababu. Nikaambiwa kwamba shule ina Wakristo na Waislamu, na swali lile lingeweza kuleta maneno. Swali lenyewe lilisema hivi: mtu asiyesadiki kuwa Mungu yupo aonyeshwe ushahidi gani ndipo asadiki? Nilimwomba Katibu alirudishe, na leo nitajaribu kulijibu. Kijana aliyeliandika hakutia jina lake, nami sitaki kumjua. Kuuliza si ujinga, na hapa tulipofundishwa kuuliza ndipo panapofaa pa kuulizia.

Mimi si sheikh wala padri. Nilikaa kitini mahakamani miaka mingi, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza watu wakieleza mambo ambayo sikuyaona kwa macho, kisha kuamua kama nisadiki au nisisadiki. Hakimu mwenye maslahi katika shauri hana budi kuyatangaza kabla ya kuanza, kwa hiyo nayatangaza yangu: mimi ni mtu wa kusali. Basi nisikilizeni kwa tahadhari, kama mnavyomsikiliza shahidi aliye jamaa wa mmoja wa wenye shauri.

Jambo la kwanza mahakamani ni hati ya madai. Isipoeleweka, shauri haliendelei. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kama Mungu yupo, kumbe kila mmoja anamsema mwingine. Yupo anayesema kuna asili ya ulimwengu, basi. Yupo anayesema kuna aliyepanga viumbe hivi tunavyoviona. Na yupo anayesema kuna anayemsikia mama akiomba usiku kwa ajili ya mtoto wake. Hayo ni madai matatu, na ushahidi wa moja si ushahidi wa jingine. Kitanda kinaonyesha kwamba fundi alikuwapo; hakionyeshi kwamba fundi yu hai leo na atakuitikia ukimwita.

Jambo la pili ni mzigo wa kuthibitisha. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamtwika mzigo huo yule anayedai jambo. Mwenye shaka hakushitakiwa. Hana deni la kuthibitisha kwamba Mungu hayupo, kama vile mimi nisivyo na deni la kuthibitisha kwamba sikukopa fedha zako. Sisi tunaosadiki ndio tuliofungua shauri. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wahubiri wengi wakimgeuzia kijana kibao: "Thibitisha basi kuwa hayupo!" Mahakamani wakili wa namna hiyo angeketishwa chini mara moja. (Na tena ni ajabu kwamba mashahidi wengi huapa kwa jina la Mungu kabla ya kusema neno, yaani mahakama humtumia Mungu kama mdhamini wa kila ushahidi bila kuuliza ushahidi wake Yeye. Lakini hilo tuliache.)

Sasa tuje kwenye vielelezo. Watu wengi husema muujiza ungetosha. Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Norwood Russell Hanson, aliyefariki mwaka 1967, alieleza ni muujiza gani ungemtosha yeye. Alisema mbingu zifunguke siku moja, umbo kubwa kupita milima lionekane juu yetu, watu wa dunia nzima walione, kamera zilipige picha, nalo limnyoshee yeye kidole na kumwambia kwamba lipo. Siku hiyo, alisema, angesadiki. Namsifu kwa sababu alitaja bei yake. Lakini mimi nikiwa hakimu ningeuliza: umbo hilo limethibitisha nini? Limethibitisha kwamba kuna kitu kikubwa chenye nguvu kinachozungumza. Nguvu si Uungu. Tena siku hizi kijana mwenye kompyuta anaweza kutengeneza picha ya sinema ya jambo ambalo halikutokea, na sauti juu yake, hata ukamwona mjomba wako akisema maneno asiyoyasema kamwe. Ile kamera ya Hanson, iliyokuwa shahidi mzuri zamani zake, leo ingehojiwa saa nzima kabla ya kusadikiwa.

Vitabu vyetu vyenyewe vinalijua jambo hili. Fimbo ilipotupwa mbele ya Farao, wachawi wa Farao nao walikuwa na mambo yao ya kuonyesha. Katika Kurani, wachawi wale walipoona fimbo ya Musa ikimeza vitu vyao, walianguka kusujudu papo hapo. Katika Biblia hawakusadiki kwa fimbo. Walikuja kushindwa baadaye, kwenye pigo la chawa, nao wakamwambia Farao kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Angalieni basi: katika vitabu vyote viwili wanaotoa ushahidi ni mafundi wa kazi hiyo. Wao walijua hila zote za uchawi, kwa hiyo walijua pia pale hila zinapokomea. Sisi mahakamani tunamwita mtu wa namna hiyo shahidi mtaalamu. Naye Farao aliyeona kielelezo kile kile hakusadiki. Kielelezo kimoja, watazamaji wawili, hukumu mbili.

Lakini ninayempenda zaidi ni Gideoni katika kitabu cha Waamuzi. Aliambiwa awaokoe watu wake, akataka hakika. Akaweka ngozi ya kondoo yenye manyoya uwanjani usiku, akasema: ikiwa asubuhi umande utakuwa juu ya ngozi peke yake na ardhi yote ni kavu, nitajua. Asubuhi ikawa hivyo, akakamua ngozi akapata bakuli zima la maji. Mtu wa kawaida angeondoka hapo akipiga kelele za shangwe. Gideoni hakuondoka. Aliomba usiku wa pili mambo yawe kinyume: ngozi ikauke, ardhi ilowe. Kwa nini? Vijana wa sayansi mmekwisha kuona. Manyoya hushika maji kuliko udongo wa uwanja, na jua likitoka udongo hukauka mapema, kwa hiyo matokeo ya usiku wa kwanza yangeweza kuwa na sababu ya kawaida. Usiku wa pili uliiziba njia hiyo. Tena alitaja sharti lake kabla, si baada ya kuona. Na kitabu hakisemi kwamba alikemewa. Naye Ibrahimu katika Kurani alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu, akasema anasadiki lakini anataka moyo wake utulie, alionyeshwa, hakufukuzwa. Waliofuta swali la kijana wetu wangekuwa wakali kuliko Mwenyewe.

Katika zama zetu yupo aliyejaribu kufanya kama Gideoni. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson wa Marekani na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa 1,802 katika hospitali 6, wote waliopasuliwa kwa ajili ya mishipa ya moyo. Waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza liliombewa na watu wasiowajua, lakini wagonjwa hawakujua kama wanaombewa. La pili halikuombewa na watu hao, nalo halikujua. La tatu liliombewa na kuambiwa wazi kwamba linaombewa. Waliopata matatizo baada ya kupasuliwa walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza na asilimia 51 katika la pili, yaani hakuna tofauti ya kuzungumzia. Katika kundi la tatu, lile lililojua, walikuwa asilimia 59. Huenda waliingiwa na hofu: kumbe hali yangu ni mbaya kiasi cha kuitiwa waombaji!

Wenzangu wa imani huniambia kwamba Mungu si dawa ya kupimwa kwa makundi, na kwamba jamaa za wagonjwa wale wa kundi la pili nao bila shaka walisali nyumbani. Ni kweli. Lakini wanaosimama katika viwanja vya mipira wakitangaza kwamba sala inaponya kama dawa, tena kwa saa na tarehe, hao hawawezi kuukwepa uchunguzi huo. Ukitangaza dawa, umekubali kupimwa kama dawa.

Nami silisemi hili kwa kupenda ubishi. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti, na watu kwa maelfu wakaenda kijiji cha Samunge kule Loliondo kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi porini, na wapo waliofia katika foleni hiyo. Walikwenda wakubwa na wadogo. Simsemi mzee yule kwa ubaya. Alifariki mwaka 2021, na bei yake haikuwa ya tapeli. Naangalia ushahidi tu. Ushahidi uliowapeleka wengi ulikuwa huu: fulani amekunywa, amesema amepona. Mpaka leo ukimwuliza mtu, "Ni nani aliyepimwa kabla, akapimwa baada?" atakutajia jirani wa shemeji yake. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wa kanisa moja waliofunga kula ili wakutane na Yesu. Kulikuwa na watoto. Katika kundi kama lile kuomba ushahidi ni dhambi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba swali la kijana huyu ni la hatari. Mimi nimeona mahali palipo hatari, nako ni kule ambako swali kama hili haliulizwi.

Wengine huleta ushahidi wa wengi: watu wote duniani wana Mungu, na hasa sisi Waafrika, kwa hiyo yupo. Hapa kwetu hoja hii ina wakili mkubwa, Profesa John Mbiti wa Kenya, aliyekusanya habari za Mungu kutoka makabila zaidi ya mia mbili. Lakini pia ina mpinzani wake, Okot p'Bitek wa Uganda, na kisa alichokieleza kila hakimu angepaswa kukisoma. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya mapadri, kwa hiyo swali likatoka kama "Ni nani aliyewafinyanga?" Wazee wakajibu kwamba watu huzaliwa na mama zao. Wakabanwa tena, kwamba lazima yupo aliyewafinyanga. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akishikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo hata akapinda, husemwa amefinyangwa na Rubanga. Akasema, "Rubanga." Mapadri wakaandika jina hilo kuwa ndilo jina la Mungu Muumba. Sisi tunaliita swali kama hilo swali la kumwongoza shahidi, nalo halikubaliwi kwa anayemhoji shahidi wake mwenyewe. Si kwamba Waacholi hawakuwa na dini. Walikuwa nayo sana. Ila jibu lile lilikuwa la mapadri, limepitishwa tu katika kinywa cha mzee.

Juu ya mwanzo wa ulimwengu nitapita haraka, maana walimu wa fizikia wako hapa na watanisahihisha. Aliyefikiri kwanza kwamba ulimwengu ulianza kama chembe moja ni Georges Lemaître, Mbelgiji, naye alikuwa padri. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alizungumza kana kwamba sayansi hiyo imeuthibitisha uumbaji. Padri Lemaître mwenyewe hakupendezwa. Hakutaka imani ipandishwe juu ya nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa. Mwaka 1965 mabaki ya joto la mwanzo ule yalitangazwa kupatikana, naye akapata habari hizo kabla ya kufa mwaka uliofuata. Hakubadili msimamo wake kwa ushindi huo. Huyo ndiye shahidi ninayemtamani: asiyesema zaidi ya anavyojua hata pale ambapo kusema zaidi kungemfaidi.

Sasa nimfikie mtu aliyeliuliza swali letu kwa ukali kuliko wote, Antony Flew, Mwingereza, mwana wa mchungaji wa Methodisti. Mwaka 1950 alisimulia, akimfuata mwanafalsafa mwenzake John Wisdom, habari za wasafiri wawili waliokuta uwazi porini wenye maua na magugu. Mmoja akasema yupo mtunza bustani. Wakakesha, hawakumwona. "Basi haonekani." Wakaweka seng'enge ya umeme na mbwa wa kunusa, hakuna aliyepiga ukelele, hakuna mbwa aliyebweka. "Basi hashikiki, hanusiki, huja kwa siri." Mwenzake akamwuliza, mtunza bustani wako huyo ana tofauti gani na asiyekuwapo? Kisha Flew akataja mtoto anayekufa kwa saratani ya koo. Baba yake wa duniani anahangaika. Baba wa mbinguni haonyeshi dalili yoyote. Nasi twaambiwa upendo wake si kama wa wanadamu. Akawauliza wenye imani: litokee jambo gani ndipo mkubali kwamba hakuna upendo, au hakuna Mungu?

Swali hilo ni nusu ya pili ya swali la kijana wetu, na sisi wa imani mara nyingi tunalipa kisogo. Mkulima akisema shamba hili ni langu hata hati ionyeshe nini, tunajua hana hati.

Flew alikaa na msimamo wake zaidi ya miaka 50. Mwaka 2004, akiwa mzee wa miaka 81, alitangaza kwamba sasa anakubali kuna Akili iliyoanzisha ulimwengu, hasa kwa kutazama jinsi uhai ulivyo na mambo mengi yaliyofungamana. Makanisani watu walishangilia. Wangesoma hati ya madai kwanza. Mungu aliyemkubali ni yule wa dai letu la kwanza na pengine la pili. Hakukubali Mungu asikiaye sala, wala hakutazamia maisha baada ya kufa. Alifariki mwaka 2010. Na yule mtoto mwenye saratani hakupata jibu.

Mimi nina jibu gani, basi? Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 alipatwa na jambo lililomfanya asadiki kwa moyo wote. Akaliandika katika karatasi na kuishonea ndani ya koti, nayo ilionekana baada ya kufa kwake mwaka 1662. Hali kadhalika Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza kwamba aliwahi kushikwa na shaka juu ya kila kitu karibu miezi miwili, na kilichomtoa hakikuwa hoja bali nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Siwadharau hata kidogo. Lakini kwangu na kwako huo ni ushahidi wa kuambiwa. Kwa Pascal ulikuwa wa macho. Kwetu umefika ukiwa karatasi ndani ya koti. Ndiyo maana mwenye shaka asiyesadiki kwa sababu ya usiku wangu au ndoto ya mama yangu si mkaidi. Hakuwapo.

Kinachonilemea mimi ni kitu kidogo. Nikiwa katika wilaya moja ya bara, alikuja mtu mzima akasema kwamba miaka 11 nyuma aliiba ng'ombe wawili wa jirani. Alishukiwa mtu mwingine, akahama kijiji kwa aibu, akafa huko. Hapana aliyemshuku huyu. Ng'ombe hawapo, shahidi hayupo, mwenye kudai hayupo. Nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka iandikwe. Nimeona watu wa namna hiyo si mara moja. Kuna anayewadai, nao hawawezi kumwonyesha kwa kidole. Najua mwenye shaka atasema ni malezi, ni wazazi na kijiji vilivyoingia ndani ya mtu. Na kwamba wanadamu wasingeweza kuishi pamoja bila kitu kama hicho, kwa hiyo kimeota ndani yetu kama meno. Jibu hilo ni zuri, sina la kulivunja. Ushahidi wangu ni wa mazingira, na sheria husema ushahidi wa mazingira haumtii mtu hatiani ikiwa kuna maelezo mengine yanayowezekana.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa kipimo cha jinai, yaani pasipo kuacha shaka lolote la maana, Mungu hajathibitishwa, na anayewaambia vijana kwamba amethibitishwa kwa kipimo hicho hajakaa kitini. Kwa kipimo cha madai, ambapo tunatazama tu mizani inalalia wapi, kwangu inalalia upande wa kuwapo, kwa sababu ya watu kama yule mwizi wa ng'ombe. Hakimu mwingine akiusikia ushahidi huu huu na kuona inalalia kwingine, nitasoma hukumu yake kwa heshima, wala sitaomba afukuzwe kazi.

Kwa kijana aliyeuliza, nina ombi. Chukua karatasi leo, uandike ni jambo gani hasa likitokea utasadiki, na Mungu wa dai lipi kati ya yale matatu. Tia tarehe. Nanyi mnaosadiki, waislamu kwa wakristo, chukueni karatasi ya pili, muandike ni jambo gani likitokea mtaachilia. Msionyeshane kwanza. Mimi yangu ninayo mfukoni hapa, niliiandika juzi usiku, na ilinichukua muda mrefu kuliko hotuba hii yote.

Ndugu Mwenyekiti, naona Mwalimu wa zamu anatazama saa. Niko tayari kuhojiwa.